Ginsi hadisi inavyotushika moyo: taharuki katika hadisi za hofu na hadisi za upelelezi



Mara nyingi katika saa ya Kifaransa tunasikia neno suspense. Mwalimu anasema kitabu fulani kiko na suspense, sisi tunaandika neno hilo katika kaye, kiisha tunageuza ukurasa. Lakini ukimwuliza rafiki yako maana yake, atakujibu: "Ni kile kitu kinachokukataza kulala mpaka umalize kitabu." Jibu hilo si baya, lakini linasema tu kile tunachosikia moyoni, halisemi kinatoka wapi. Mgonjwa anasema "ninasikia baridi", lakini dokta anapashwa kutafuta homa imetoka wapi.

Wenye kuchunguza Kiswahili wanaita kitu hicho taharuki. Katika somo hili tutaangalia ginsi taharuki inavyofanya kazi katika hadisi za namna mbili zilizokua sana Uingereza na kuenea dunia yote. Za kwanza ni hadisi za kigotiki, yaani hadisi za ngome za zamani, giza na mizimu. Za pili ni hadisi za upelelezi, zile tunazoita roma polisie. Mwishoni tutaona kwa nini jambo hili ni la maana hata kwa mtu asiyependa kusoma hadisi. Maana hofu inayotengenezwa katika vitabu inatengenezwa vile vile katika midomo ya watu, na pale si mchezo tena.

1. Mafiga matatu ya taharuki

Alfred Hitchcock, mtengeneza filamu aliyezaliwa London mwaka 1899, alieleza jambo hili vizuri. Maelezo yake yamo katika kitabu cha mazungumzo yake na Mfaransa François Truffaut, kilichotoka mwaka 1966. Mfano wake ni huu. Watu wanakaa kwenye meza, wanaongea maneno ya bure. Chini ya meza kuna bomu. Kama mtazamaji hajui, bomu litapasuka, naye atashtuka kwa sekunde 15, basi, imekwisha. Lakini tuseme mtazamaji amekwisha kuona mtu akiweka bomu hilo. Anajua litapasuka saa saba kamili, na saa ya ukutani inaonyesha saa saba kasoro robo. Sasa maneno yale yale ya bure yanakuwa mateso. Mtazamaji anataka kupiga kelele: "Acheni kuongea, ondokeni hapo!" Badala ya sekunde 15 za mshtuko, amepata dakika 15 za taharuki.

Angalieni vizuri. Watu ni wale wale, meza ni ile ile, bomu ni lile lile. Kimebadilika kitu kimoja tu, ni kile mtazamaji anachojua. Wengi wanafikiri kwamba kuleta taharuki ni kuficha kila kitu. Sivyo. Asiyejua kitu hata kidogo haogopi kitu. Anayejua yote anangojea tu mwisho. Anayejua nusu ndiye anayetaabika.

Basi tunaweza kusema kwamba taharuki inasimama juu ya mafiga matatu, sawa na chungu cha jikoni:

(a) Swali lililo wazi. Msomaji anapashwa kujua kwamba kuna kitu hajui.
(b) Mtu tunayemhurumia. Kama hatumpendi mtu yeyote katika hadisi, bomu lipasuke tu, si shauri yetu.
(c) Kukawia. Jibu liko njiani, lakini halijafika.

Ondoa figa moja, chungu kinaanguka.

Hatuhitaji kwenda mbali kuyaona mafiga hayo. Someni Mwanzo sura ya 42 mpaka ya 45. Yosefu amekuwa mkubwa katika Misri. Ndugu zake wanakuja kununua chakula. Yeye anawatambua, wao hawamtambui. Msomaji anajua tangu mwanzo. Swali ni: atawatendea nini? Tunamhurumia Benyamini na baba yao mzee. Na hadisi inakawia: Simeoni anafungwa, wengine wanarudi nyumbani, chakula kinakwisha, wanakuja tena, kikombe kinaonekana katika gunia la Benyamini. Kukawia huko si kupoteza wakati. Ndiko kunakomleta Yuda asimame na kujitoa badala ya mdogo wake. Kama Yosefu angalijitambulisha siku ya kwanza, tusingalijua kama mioyo ya ndugu wale imegeuka. Basi tukumbuke kwamba kukawia kuzuri kunafanya kazi. Kukawia kwa bure ni uvivu wa mwandikaji.

2. Hadisi za kigotiki: swali liko mbele

Gotiki ni jina la namna ya kujenga makanisa na ngome katika Ulaya ya zamani: madirisha yenye ncha juu, njia ndefu zenye giza. Mwingereza Horace Walpole alipenda majengo hayo hata akatengeneza nyumba yake kwa namna hiyo, karibu na London. Mwishoni mwa mwaka 1764 alitoa kitabu chake Ngome ya Otranto. Kwanza alijificha, akasema ni kitabu cha zamani kilichotafsiriwa kutoka Kiitalia. Katika chapa ya pili, mwaka 1765, alikubali kwamba ni chake, na akakiita hadisi ya kigotiki. Kutoka hapo jina likabaki.

Kitabu hicho kinaanza siku ya harusi. Mbele ya ibada, kijana anayetaka kuoa anaonekana uani amepondwa na kofia ya chuma kubwa ajabu. Imetoka wapi? Hakuna anayejua. Walpole anatupiga mara moja, na mara nyingi anarudia kutupiga. Huo ni mshtuko zaidi kuliko taharuki.

Aliyejua sana kukawisha ni mwanamke, Ann Radcliffe. Mwaka 1794 alitoa Siri za Udolpho. Emily, yatima, anakaa katika ngome ya Montoni, mume wa shangazi yake, katika milima ya Italia. Ndani ya chumba kimoja kuna kitu kimefunikwa na pazia jeusi. Watumishi wanakiogopa. Emily anajikaza, anaingia, anainua pazia, anaanguka chini amezimia. Na mwandikaji hatuambii aliona nini! Kitabu kina mabuku manne. Pazia linainuliwa katika buku la pili, na jibu linakuja karibu na mwisho wa buku la nne.

Vyombo vya waandikaji wa kigotiki ni vitatu. Chombo cha kwanza ni fasi iliyofungwa, yaani ngome, monasteri, kaburi, nyumba iliyo mbali na watu, fasi ambayo ukiita hakuna anayekusikia. Chombo cha pili ni mwanga kidogo. Giza kabisa halitoshi, maana katika giza kabisa hatuoni kitu. Tunahitaji buji inayotaka kuzimika, au mwezi unaoingia na kutoka katika mawingu. Chombo cha tatu ni sauti: mlango, hatua za mtu juu ya mbao, kilio cha mbali. Jicho likinyimwa, sikio linaongeza. Na kile sikio linachoongeza ni kibaya kuliko kile mwandikaji angaliweza kuandika.

Radcliffe mwenyewe alilijua jambo hili. Katika maneno yake yaliyotolewa mwaka 1826, baada ya kifo chake, alitenga hofu za namna mbili. Moja ni hofu ya kitu kisichoonekana wazi, nayo inaamsha roho na kuifanya iwe macho. Nyingine ni chukizo la kitu kilichowekwa mbele ya macho, nalo linaifanya roho igande. Yeye alitaka ya kwanza. Kwa sababu hii hadisi iliyojaa damu kila ukurasa haitutishi kwa muda mrefu. Tunazoea.

Katika hadisi za kigotiki, basi, swali liko mbele: kutatokea nini? Nini kiko nyuma ya mlango? Atapona?

3. Hadisi za upelelezi: swali liko nyuma

Mwaka 1841 Mmarekani Edgar Allan Poe alitoa hadisi ya mauaji katika njia ya Rue Morgue, mji wa Paris. Wanawake wawili wameuawa ndani ya chumba kilichofungwa. Mpelelezi wake, Dupin, hana kazi ya polisi; ana akili na uvumilivu tu. Watu wengi wanahesabu hadisi hii kuwa mama wa hadisi za upelelezi za leo.

Kuna jambo la ajabu hapa. Mtu amekwisha kufa. Hatuwezi tena kuogopa kwa ajili yake. Swali halisemi "kutatokea nini?" Linasema "kulitokea nini?" Swali liko nyuma. Taharuki inatoka wapi basi?

Inatoka katika alama. Katika hadisi ya Poe, majirani walisikia sauti ya mtu ikipiga kelele ndani ya chumba. Mmoja anasema alikuwa Mwitalia, mwingine Mwingereza, mwingine Mrusi. Na kila shahidi anataja lugha ambayo yeye mwenyewe haijui! Sisi tunasoma ushuhuda huo, tunasema watu hawa wamechanganyikiwa, tunapita. Dupin hapiti. Anauliza: ni sauti gani ambayo kila mtu anaisikia kuwa ya kigeni? Jibu sisemi, kitabu ni kifupi, msome wenyewe. Lakini mmeona namna: alama haikufichwa. Iliwekwa mezani mbele ya wote, katikati ya vitu vingine, na jicho letu likapita juu yake.

Taharuki ya upelelezi ni mashindano kati ya msomaji na mpelelezi. Wote wawili wanaona vitu vile vile. Kusudi mashindano yasiishe upesi, mwandikaji anaweka kati yao mtu wa tatu, rafiki wa mpelelezi, ndiye anayetuelezea hadisi. Poe alianza na rafiki asiye na jina. Arthur Conan Doyle akampa jina, Dokta Watson, tangu hadisi ya kwanza ya Sherlock Holmes mwaka 1887. Watson anaona yote na kuandika yote, lakini haelewi maana. Kama Holmes angalituelezea mwenyewe, siri ingalikwisha katika ukurasa wa tatu.

Na kwa sababu ni mashindano, yanahitaji sheria. Mwaka 1929 padri wa Kikatoliki wa Uingereza, Ronald Knox, ambaye mwenyewe aliandika hadisi za upelelezi, alitoa sheria kumi. Mwenye kosa lazima atajwe mapema katika hadisi. Mizimu na miujiza isiwe jibu. Mpelelezi asione alama ambayo msomaji hakuonyeshwa. Mwaka 1930 waandikaji wa London waliunda chama chao, Detection Club, na Agatha Christie alikuwa mmoja wao. Wenye kuingia waliapa kutowadanganya wasomaji. Unaweza kucheka, lakini fikiri: watu wenye kazi ya kutuchanganya wanaapa kwamba watatuchanganya kwa haki.

4. Mbwa wa Baskerville: njia mbili pamoja

Onyo: kuanzia hapa ninatoa jibu la hadisi. Yule asiyekwisha kuisoma, na anataka kuisoma, aweke gazeti hili pembeni, amalize kitabu, kiisha arudi.

Conan Doyle alimwua Sherlock Holmes katika hadisi ya mwaka 1893, maana alichoka naye. Wasomaji hawakuchoka. Mwaka 1901 alimrudisha katika hadisi inayosemwa kuwa ilitokea mbele ya kifo kile, ndiyo Mbwa wa Baskerville. Ilitoka vipande vipande katika gazeti The Strand Magazine, tangu mwezi wa nane 1901 mpaka mwezi wa nne 1902. Miezi tisa ya kungojea! Kila mwezi mwandikaji alipashwa kukata hadisi pale inapouma.

Fasi ni Dartmoor, kusini-magharibi ya Uingereza: vilima vya mawe, ukungu, matope yanayomeza farasi mzima. Ni ngome ya kigotiki isiyo na kuta. Jamaa ya Baskerville ina hadisi ya wazee, imeandikwa katika karatasi ya mwaka 1742. Babu yao Hugo, mtu mwovu, aliuawa na mbwa wa kuzimu, na hadisi inaonya uzao wake wasipite porini usiku. Sasa Bwana Charles ameonekana amekufa katika njia ya bustani yake. Hakuna kidonda, wanasema ni ugonjwa wa moyo. Lakini rafiki yake, Dokta Mortimer, aliona nyayo karibu na maiti. Sura ya pili inakatwa pale anapokubali kusema ni nyayo za nini: ni za mbwa, tena mkubwa kupita mbwa tunaowajua.

Ona maswali mawili yanavyofungwa kwa kamba moja. Swali la nyuma: nini kilimwua Charles? Swali la mbele: mrithi wake Henry, aliyetoka Kanada, atapona? Chungu kina moto pande mbili.

Kiisha Doyle anafanya jambo la akili sana. Anamtuma Watson kwenda Dartmoor pamoja na Henry, na Holmes anasema anabaki London kwa kazi nyingine. Ni sawa na kuondoa taa chumbani. Holmes akiwa karibu hatuogopi. Sasa tunaona yote kwa macho ya Watson, mtu mwaminifu na shujaa, lakini anayeona nusu. Usiku mwanamke analia ndani ya nyumba. Mtumishi Barrymore anasimama dirishani na buji mkononi. Mtu asiyejulikana anaonekana juu ya jiwe, mwezi ukiwa nyuma yake. Mambo hayo yote yana jibu la kibinadamu. Anayelia ni mke wa Barrymore, juu ya ndugu yake aliyetoroka gereza na kujificha porini. Buji ni alama ya kumwambia kwamba chakula kiko tayari. Na mtu wa juu ya jiwe, kumbe, ni Holmes mwenyewe, hakubaki London. Doyle analipa madeni madogo njiani kusudi tumwamini kwa deni kubwa.

Na alama ya mpelelezi iko wapi? Iko katika kiatu. Henry akiwa katika hoteli London, kiatu chake kimoja kipya kinaibwa. Halafu kinaibwa kimoja cha zamani, na kile kipya kinarudishwa. Tunacheka, tunafikiri mwandikaji anatupumzisha. Holmes hacheki. Kiatu kipya hakina harufu ya mtu, cha zamani kinayo. Mzimu hauhitaji kunusa kiatu. Basi kuna mbwa wa kweli, wa nyama na damu, na kuna mtu anayeshika kamba yake.

Katika sura ya 12, kati ya sura 15, Holmes anamwambia Watson mwuaji ni nani. Ni Stapleton, jirani mpole anayekimbiza vipepeo. Kwa kweli ni mtu wa jamaa ile ile, anayetaka urithi. Katika hadisi nyingi za upelelezi jambo lingekwisha hapo. Hapa ndipo linapowaka. Holmes hana ushuhuda wa kutosha mbele ya waamuzi, anapashwa kumwacha Henry atembee peke yake usiku kusudi mbwa atoke. Sasa tunajua mwuaji, tunajua mbwa, tunajua njia na saa. Na ukungu unakuja polepole kufunika njia ile. Hilo ndilo bomu chini ya meza.

Mbwa anatoka, kinywa kinawaka kama moto. Wanampiga risasi. Watson anagusa kinywa kile, na vidole vyake vinang'aa: ni fosforo.

5. Deni la mwandikaji

Kila taharuki ni deni. Mwandikaji anatuambia: nipe usingizi wako, nitakulipa jibu. Basi tunaweza kumpima kwa malipo yake.

Katika Siri za Udolpho, kitu kilichokuwa nyuma ya pazia ni sanamu ya nta, mfano wa maiti, iliyowekwa pale zamani kuwa adhabu ya kutubu kwa mtu mmoja wa nyumba ile. Jibu ni la kweli, halina mzimu. Lakini mimi naona ni dogo kuliko hofu iliyolitangulia, na tena halifungui kitu kingine katika hadisi. Tumebeba gunia zito mabuku mawili, kufungua ni manyoya. Katika Mbwa wa Baskerville jibu linatosha swali. Mbwa yuko, ni mkubwa kweli, na kiatu, nyayo na kilio cha porini vyote vinakaa pahali pake. Ukirudi kusoma mara ya pili unakuta alama zote zilikuwa mbele ya macho yako.

Hiki ndicho kipimo kizuri kwa mwanafunzi anayetaka kuandika: je, hadisi yako inavumilia kusomwa mara ya pili? Taharuki ya uongo inakufa jibu likijulikana. Taharuki ya haki inageuka kuwa furaha ya kuelewa.

6. Faida kwetu

Kuna wenye kuuliza kama mkristo anapashwa kupoteza wakati na hadisi za mizimu na za wauaji. Nawajibu kwa mwandikaji mwingine, Jane Austen, binti wa mchungaji wa Kianglikana. Kitabu chake Northanger Abbey kilitoka mwishoni mwa mwaka 1817, miezi michache baada ya kifo chake. Msichana Catherine amesoma Siri za Udolpho, amejaa hofu tamu. Anakaribishwa katika nyumba iliyokuwa monasteri zamani. Usiku wa tufani anapata karatasi ndani ya kabati jeusi, taa inazimika, halali kwa hofu. Asubuhi anasoma: ni hesabu za dobi.

Tunacheka. Lakini Austen haishii pale. Catherine anaendelea, anamwona baba mwenye nyumba kuwa mtu mkali, anasikia kwamba mke wake alikufa kwa ugonjwa wa ghafula, basi ndani ya moyo wake anamhukumu kuwa ni mwuaji. Kwa ushuhuda gani? Hakuna. Mtu yule ni mgumu na mpenda mali, ndiyo, lakini hakuua. Mwana wake ndiye anayemsaidia Catherine kuona haya.

Hapo wandugu tusicheke tena. Uvumi una mafiga yale yale matatu: swali, mtu wa kuhurumiwa, na kukawia. Tofauti ni moja: uvumi ni taharuki isiyo na mwandikaji. Hakuna mtu atakayelipa deni katika sura ya mwisho. Kwetu tunajua inavyokuwa. Mtu anakufa ghafula, na mbele ya mazishi watu wamekwisha kuanza kuuliza ni nani amemla. Jina linatajwa. Mara nyingi ni la bibi mzee asiye na mtetezi, au la mtoto yatima anayeishi kwa watu. Ukiuliza nani ameona, hakuna. Wote wamesikia. Wengine wanaleta methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nasema: lisemwalo lipimwe.

Ona Holmes alivyofanya. Mortimer, mtu wa elimu, alipomwambia juu ya mbwa wa kuzimu, hakumcheka, tena hakusema amina. Aliuliza. Nyayo zilikuwa mbali na maiti kiasi gani? Mlango wa bustani ulikuwa umefungwa au wazi? Charles alisimama pale muda gani? Jibu la swali hilo la mwisho lilitoka katika majivu ya sigara yaliyoanguka mara mbili. Na kwa nini nyayo zake zilionyesha vidole tu? Wengine walifikiri alinyata. Holmes akaelewa: alikuwa anakimbia, anakimbia kuponya maisha yake.

Kumbukeni pia mambo mawili. Mbwa hakumwuma Charles. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, na hofu ikamaliza kazi. Hofu peke yake inaweza kuua. Na yule aliyepata faida watu walipoamini hadisi ya kuzimu ni Stapleton. Kama wote wakisema ni shetani, hakuna anayemtafuta mtu. Hadisi ya hofu ilikuwa nguo ya mwuaji.

Kwa hiyo nasema tusome namna zote mbili. Hadisi ya kigotiki inatufundisha hofu inavyoingia: kwa fasi, kwa mwanga kidogo, kwa sauti. Hadisi ya upelelezi inatufundisha kuipima mbele ya kuitii. Na mtu akija kwetu na hofu bila alama, tumwambie kwa heshima: ndugu, una deni, lipa kwanza.

Maswali ya kujiuliza

1. Soma tena Mwanzo 42 mpaka 45. Onyesha mafiga matatu ya taharuki. Ni mara ngapi jibu linakawishwa, na kila kukawia kunafanya kazi gani?

2. Kwa nini Doyle anamwondoa Holmes katikati ya hadisi? Ingekuwa namna gani kama Holmes angalikwenda Dartmoor waziwazi siku ya kwanza?

3. Andika ukurasa mmoja: mwanafunzi anarudi jioni darasani kuchukua kaye aliyosahau. Usiweke mzimu wala mwizi. Tumia fasi, mwanga kidogo na sauti, na ulipe deni lako katika mstari wa mwisho.

4. Kumbuka uvumi mmoja uliousikia, usiandike jina la mtu. Piga mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja andika yaliyoonwa, upande mwingine yaliyosikiwa. Kiisha hesabu.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita